Chokaa ya Rangi ya Malai

Chumba cha harusi cha binti yangu kilitakiwa kupakwa chokaa kabla ya Ijumaa, siku wakwe watakapokuja kukikagua. Mke wangu alitaka weupe wa malai, si weupe wa sanda. Nikaleta udongo wa kimanjano kutoka Mtoni wa kuchanganya na chokaa, nikaupima mara mbili.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akacheka. Alikuwa amefika Bombay, na tangu arudi hapakuwa na jambo asilolijua.

"Udongo ukutani, shemeji? Banda la kuku hili? Tia bizari!"

"Umeshajaribu?"

"Mambo haya hayajaribiwi, yanajulikana."

Akamimina ratili nzima ya bizari ya manjano ndani ya pipa la chokaa, akakoroga. Chokaa ikageuka nyekundu machoni petu, kama mate ya mla tambuu.

"Itakauka nyeupe," akasema.

Nilikuwa nimeficha pipa la pili, maana namjua. Fundi akatia udongo wangu, akapaka.

Ijumaa mama mkwe wa binti yangu alipapasa ukuta, akauliza nani kachagua rangi nzuri hivi.

"Mimi," akadakia shemeji.

Sikumkanusha. Magunia ya mchele wa harusi yalikuwa bado forodhani, na mpumbavu aliyesifiwa hubeba mizigo bila kusukumwa.