Jina Walilompokonya Hoza

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila redio inapotangaza mpira. Ilikuwa jioni ya baridi hapa Malindi yetu ya milima ya Lushoto, si ile ya pwani, ukungu umeshuka mpaka kwenye bustani za kabichi, nasi tumejazana mbele ya duka la kijiji kusikiliza mechi ya Tanzania na Kenya. Muuzaji aliiweka redio juu ya magunia ya chumvi ili kila mtu asikie. Shangazi yangu Mwanaidi alikaa kwenye benchi mlangoni, amejifunika kanga mbili. Wanawake wengine walikuwa majikoni kwao, lakini yeye alikuwa na sababu ya kuwa pale. Mwanawe wa pekee alikuwa uwanjani, amevaa jezi ya Kenya.

Nikueleze ilivyokuwa. Shangazi aliolewa na Mtaita aliyevuka kutoka Kenya kuja kukata mkonge kule bondeni Mazinde. Unajua desturi yetu: jina la dini ni moja, lakini ya ukoo ni mawili, moja la kwa baba na jingine la kwa mama. Basi kule Mazinde kijana aliitwa Mwadime, jina la babu yake Mtaita. Akipanda huku kwetu aliitwa Hoza, jina la babu yetu aliyefyeka shamba hili tunalolima. Aliyaitika yote mawili, na hakuna aliyeona ajabu.

Mpira alijifunzia hapa hapa, kwenye uwanja wetu ulioinama, ambao ukipiga shuti vibaya unakwenda kuutafuta mpira kwenye maharage ya watu. Mimi nilikuwa golikipa, na mguu wake wa kushoto nimeusikia kifuani mara nyingi. Alipokuwa kijana wa kunyoa ndevu, walikuja watu kutoka Dar es Salaam kuchagua wachezaji Lushoto, wakamtaka. Haukupita muda, baba yake mdogo akaja kutoka Voi na habari kwamba Kenya nao wanamtaka. Angeweza kwenda kokote. Baba yangu, ambaye ndiye mjomba wake, alishachinja jogoo kwa furaha, akijua mpwa wake atavaa jezi ya nchi yetu changa.

Lakini wakati huo baba yake alikuwa kitandani Mazinde, kifua kimekwisha kwa vumbi la mkonge. Nilikuwapo siku ile alipomwambia, "Mwadime, mimi nitazikwa hapa. Sina neno, watu wa hapa wamenipokea. Ila kwetu hakuna aliyesikia kwamba niliishi. Nenda jina letu likasikike." Baada ya wiki chache akafariki. Kijana alimzika, akaja kumuaga mjomba wake, akaondoka na baba yake mdogo. Mama yake hakumzuia. Alisema tu, "Mungu akutangulie. Usisahau njia ya kupandia."

Basi jioni ile dukani tulikuwa tunamsikiliza. Kila mtangazaji alipotaja jina la Mwadime watu waliguna. Fundi cherehani mmoja, mtu wa mzaha, akasema, "Shangazi, leo utashangilia wapi? Mguu wa kulia huku, wa kushoto kule?"

"Nitaomba asiumie," shangazi akajibu. "Hayo mengine ombeni ninyi."

Watu wakacheka, hata baba yangu akatabasamu. Hapo ndipo mtangazaji akapaza sauti. Mwadime ameuchukua mpira, Mwadime anaingia, Mwadime amepiga. Goli.

Shangazi akapiga kigelegele.

Mwanangu, naamini hakukipiga kwa kukusudia. Kilimtoka, kama kinavyomtoka mama anapoona mwanawe amevuka hatari. Lakini kilisikika peke yake katika ukimya ule, na kila mtu akamgeukia. Yule fundi mwenyewe hakuwa na mzaha tena. Shangazi akajiziba mdomo kwa kanga.

Baba yangu akasimama. "Mwanaidi," alisema, "umeshangilia tunavyofungwa?"

"Kaka, ni mtoto wangu."

"Ni mtoto wa waliompa jezi." Akatoka, na waliokuwa upande wake wakamfuata.

Lililofuata ndilo linaloniumiza mpaka leo. Mke wa kaka yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Siku ya akika, mbuzi ameshachinjwa na nywele za mtoto zimenyolewa, baba yangu akambeba mjukuu wake na kutangaza, "Jina la Hoza lilikuwa limeazimwa. Leo limerudi kwa wenyewe. Huyu ndiye Hoza. Yule mwingine ni Mwadime, na kwao ni Kenya."

Shangazi alikuwa miongoni mwa wanawake waliokuwa wanapika. Aliweka mwiko chini, akaenda nyumbani kwake bila kuaga.

Mzee mmoja tu ndiye aliyesema neno, naye ni mwalimu wetu wa chuoni, aliyetufundisha Kurani sisi sote na baba zetu. Alitukemea sisi vijana hasa, kwa kuwa tulikuwa tumeitikia kwa kelele za furaha. "Mnashangilia nini? Jina alilopewa mtoto na babu yake si jezi, kwamba akitoka uwanjani mnamvisha mwingine. Kijana amemtii baba yake aliyekuwa anakufa. Mwenyezi Mungu ametuumba mataifa na makabila ili tujuane. Ninyi mmemjua mtu tangu anatambaa, na leo mnasema hammjui." Kisha akamgeukia baba yangu. "Mrudishie, ungali na muda."

Baba yangu alimheshimu sana mwalimu. Akajibu, "Akija mwenyewe kuomba, tutazungumza." Nasi tukaendelea kula nyama.

Muda haukuwepo. Jumuiya ya nchi zetu ikavunjika na mpaka ukafungwa. Wapo waliovuka kwa njia za porini, lakini mwana wa shangazi uso wake ulijulikana kila mahali. Asingeweza kupita kama mchuuzi wa vitunguu. Miaka ile shangazi alikuwa akitoka kila alasiri kwenda pale barabara inapoonekana ikipanda kutoka Soni. Tulipomsalimu, "Shikamoo, shangazi," aliitikia marahaba bila kutuangalia. Nilimpelekea kuni, nikamchotea maji. Kuhusu jina hakuniuliza, wala sikuwa na la kumwambia. Alifariki wakati wa mvua za masika. Tangazo la kifo tulilipeleka redioni kama ilivyokuwa kawaida, na kule Voi mwanawe alilisikia. Alikwenda mpaka mpakani na sanda mkononi, wakamrudisha. Sisi tulimzika mama yake.

Mpaka ulipofunguliwa alikuja. Alikuwa ameacha mpira, goti limekufa, anachechemea. Nilimpeleka kaburini, akasoma dua, akang'oa magugu kwa mikono yake. Kisha tukaja nyumbani. Baba yangu alikuwa mzee sana, amekaa kibarazani, na nilimwona akitayarisha maneno mdomoni. Nadhani alitaka kumrudishia. Mungu ndiye anayejua.

Kabla hajasema, mke wa kaka yangu akaita kutoka jikoni, "Hoza! Njoo ule!"

"Naam, mama!" akaitika mgeni wetu, na alikuwa ameshainuka nusu.

Na kutoka nyuma ya nyumba akaja mtoto anakimbia, akampita, akaingia jikoni.

Yule mtu mzima akabaki ameshika mwimo wa mlango. Akamtazama mtoto, akamtazama baba yangu. Akakaa, akanywa chai aliyopewa, akashukuru kwa adabu. Alipoondoka alisema, "Shikamoo, mjomba," kama mtu anayepita njiani, akateremka kwenda Mombo. Hakupanda tena milima hii. Baba yangu alilia mpaka alipokufa, na machozi hayakumfikishia mtu chochote.

Siku hizi nawasikia mkibishana juu ya kijana aliyezaliwa ng'ambo, baba wa huku, mama wa kule. Akichagua timu nyingine mnasema si wetu, hana damu yetu. Mwanangu, nakuomba, uzuie ulimi wako. Hujui ni mgonjwa gani aliyemshika mkono. Mwache achezee anakochezea, na jina lake la nyumbani mtunzie. Akikufunga, huzunika kwa goli, usimchukie. Na kama ni wewe unayetakiwa kuchagua, nenda ukawaage pande zote mbili, uwaambie sababu kwa kinywa chako, kisha urudi mapema. Sina hakika kama watu watasikia. Mwalimu alisema, na sisi tulikula nyama.

Namshukuru Mungu aliyeniacha niishi nikuambie. Akupe moyo mpana kuliko mpaka, akujalie uwazike wazazi wako kwa mikono yako, na kila nyumba uliyozaliwa humo ikuite kwa jina lako, nawe uitike. Amina.