Branchi kwa Wageni wa Maposeni

Wazazi wa kijana anayemtaka binti yetu walituma salamu kutoka Maposeni: Jumapili, baada ya misa, watakuja na neno. Neno gani, hata kuku wetu walijua. Nikaamua tuwaandalie branchi.

"Hata ugali kidogo tusisonge?" mke wangu aliuliza.

"Utaharibu maana," nilimjibu. Mimi ni mtu wa maana. Nimezisomea chuo kikuu.

Tukapanga mezani chapati, mayai, maparachichi na chai. Baba, mama na shangazi wa kijana wakala kwa adabu, nami nikawaeleza asili ya neno lenyewe: Waingereza walikata kichwa cha brekfasti na mkia wa lanchi, wakaviunga, wakapata mlo mmoja wa kati ya asubuhi na mchana.

Shangazi alisikiliza kwa makini. "Kichwa na mkia tumeviona," alisema. "Tumbo wakampa nani?"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Vyombo vikaondolewa. Nikakaa vizuri nilisikie neno. Wageni nao wakakaa vizuri. Mzee akatazama mlango wa jikoni, akasifu mahindi ya mwaka huu, akatazama tena mlango wa jikoni. Mwishowe akasimama.

"Mwalimu, tunashukuru kwa chai."

Kwa chai! Walipopotelea barabarani, binti yangu alinigeukia, machozi yakimlengalenga. "Baba, mgeni hasemi lililomleta kabla hajala. Walikuwa wanasubiri chakula."

Nilijua. Mila hiyo nimewahi kuiandikia makala.

Nikatoka mbio na kandambili. Niliwakuta kwa mama ntilie karibu na stendi, mbele yao ugali na dagaa wa Nyasa. Sikujua nianzie wapi, nikawaamkia upya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akasogea kwenye benchi, akanisogezea maji ya kunawa. "Karibu ugali, mkwe."

Asubuhi nzima hakuwa ameniita hivyo. Nilikula nimeinamisha kichwa. Sahani ilipobaki tupu, akafuta mdomo, akakohoa kidogo. "Sasa, kilichotuleta..."

Ndivyo posa ya binti yangu ilivyotolewa: kwenye benchi la mama ntilie, baada ya ugali walioununua wageni. Mke wangu hakuwepo kuisikia. Nilirudi nyumbani nimeshiba, na habari njema mdomoni, nikasimama getini muda mrefu nikiogopa kuingia.