Boksi Linalozunguka Limenishikisha Mpakani Busia

Leo nimeshikwa mpakani Busia kwa sababu ya boksi.

Si la magendo. La kuchorwa!

Nilikuwa natoka kazini Nairobi, nampelekea baba huko Mwello, ng'ambo ya mpaka, karatasi zilizochorwa na kompyuta yetu. Kila karatasi ina boksi lilelile, mistari mitupu, ila limegeuka kidogo. Ukizipeperusha kwa kidole gumba, boksi linazunguka. Basi!

Askari wa kizuizi akazikodolea macho.

"Hii kambi yetu ya Tororo. Wewe nachora ukuta mpaka naona nyuma yake. Wewe jasusi!"

"Afande, ni boksi tu. Halina kitu ndani."

"Sasa kwa nini nachora kitu haina kitu?"

(Jamani, hilo hata baba angeuliza.)

Nikazipeperusha mbele yake. Boksi likazunguka.

Akacheka. Akaita wenzake, wakaweka bunduki chini, wakaanza kugombania zamu! Mimi nimesimama juani kama mlinzi wao.

Nikajua yameisha. Kumbe mkubwa wao anakuja. Akapeperusha naye, akatabasamu, akaniambia kwa upole kabisa:

"Dada, nenda. Lakini ukirudi, leta kambi yetu. Nataka izunguke hivi."

Yaani nilichoshikiwa ndicho nilichoagizwa!

Nikichora, mimi jasusi. Nisipochora, nimekataa amri. Na karatasi za baba wamebaki nazo.

Nyie wenye akili, niambieni: kazini narudi kwa njia gani, na kizuizi ni hichohicho?