Milio ya Kasimiri

Mgodini kwao Mpanda, miaka ile ya hamsini, saa ilikuwa moja tu, na mwenye kuitazama alikuwa Kasimiri, mgonga chuma kilichoning'inizwa kama kengele. Mwanzoni kila mtu alimsumbua mlangoni: niite zamu ikifika, niite mtoto anywe dawa, niite mkate usiungue. Akachoka, akagawa milio. Wa taratibu ukawa wa zamu, wa harakaharaka wa wapishi, na wa kukatakata wa kuwatoa wachimbaji chini kabla baruti hazijalipuka. Watu wakafurahi kweli. Lakini nani mwingine angeweza kuigonga milio yote ile? Alipoomba msaidizi, msimamizi alicheka tu.

Mchana mmoja mdogo wake, Hilaria, akafika kutoka kijijini kwao Mamba, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kaka, baba amefariki. Tunazika kesho, na lori linaondoka sasa hivi."

Kasimiri akafunga kifurushi chake huku machozi yakimtoka. Kisha akaitazama saa. Baruti zilikuwa zimeshategwa, na watu walikuwa bado chini. Akaweka kifurushi, akashika nyundo.

"Na wewe, kaka?" Hilaria akafoka. "Mlio wa kukutoa wewe ni upi?"

Kasimiri akagonga. Wachimbaji wakaanza kutokeza juani, mmoja mmoja, wakicheka. Nyuma yake lori likanguruma, likaondoka.