Kwikwi ya Nyirabahizi na Jogoo wa Katekista

Mimi sikusoma sana. Darasa la sita nililimaliza, la saba likaniona likakimbia. Lakini hapa Murusagamba, mtu wa kukueleza jinsi maji yanavyoingia na kutoka kwenye ubongo wa binadamu ni mimi peke yangu. Siringi, nasema ukweli tu. Elimu hiyo niliipata kwa ajili ya dada yangu Nyirabahizi.

Dada alikuwa mpika pombe ya ndizi. Wazazi wetu walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa mgongoni, na mama alimfundisha kwamba mkimbizi hana shamba wala ng'ombe, ana jina tu. Akalishika neno hilo mpaka likawa kero. Ukisahau kibuyu chako kwake, atakufuata nacho hadi Mugoma, akikutukana njia nzima. Mumewe Leonidas alizoea kusema kwamba ameoa polisi.

Miaka ile kambi za wakimbizi zilipokaribia kufungwa, msimu wa kuvuna maharage, Nyirabahizi alishikwa na kwikwi. Mwanzoni tulicheka. Wiki zikapita, hatukucheka tena. Alipiga kwikwi hadi akatapika, hata uji haukukaa tumboni. Alibana pumzi, akanywa maji ameinama, akawekewa unyasi kwenye paji la uso. Wapi!

Sasa, kwetu kila mtu anajua dawa kubwa ya kwikwi: unamshtua mgonjwa kwa kumsingizia wizi. Akiruka kujitetea, kwikwi inakimbia, mnacheka, mnakwenda zenu. Bingwa wa dawa hiyo alikuwa Evaristi katekista, mdogo wake Leonidas. Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa wamejaa uwanjani, akamnyemelea shemeji yake kwa nyuma.

"Nyirabahizi! Jogoo wangu umempeleka wapi?"

Dada aliruka kweli. Kwikwi ikakata kwa muda wa kufanya ishara ya msalaba, kisha ikarudi na nguvu za mchi kwenye kinu.

"Ee," akasema bibi mmoja. "Asiye na hatia, kwikwi yake hukoma."

Basi, hukumu ikawa imetoka. Evaristi hakuwa na jogoo. Hata banda hakuwa nalo. Lakini watu walianza kumpa pole, na pole ya kwetu haiji mikono mitupu: huyu kuku, yule tetea na vifaranga wake. Ungefanya nini wewe? Katekista alimshukuru Mungu, akajenga banda.

Kwikwi ilikuja kukoma yenyewe. Wakasema ametubu. Kisha jicho la kulia likaingia giza, na miguu ikawa mizito kama ya mtu anayetembea kwenye tope. Wakasema hakutubu vizuri.

Nikapanda baiskeli hadi hospitali ya kambini, ambako sisi wa vijijini pia tulitibiwa. Nilimkuta Daktari Fabrice, Mrundi, mkimbizi yeye mwenyewe. Alinisikiliza, akauliza jambo moja.

"Mzee, kabla ya jicho, hakuwa na kwikwi isiyokoma?"

Nilimtazama kama ninayemtazama mpiga ramli. Akanieleza kwamba ndani ya ubongo kuna protini ndogo sana zinazopitisha maji, mfano wa milango. Ziko nyingi kule chini ya ubongo kunakotawala kutapika na kwikwi, kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, na katika uti wa mgongo. Askari wa mwili, wanaopaswa kupigana na vijidudu, wameiona milango hiyo wakadhani ni adui. Wanaipiga.

"Yaani sungusungu wanavunja mlango wa nyumba yao wenyewe?"

"Ndivyo hasa."

"Hawaulizi kwanza?"

"Hawaulizi, mzee." Hakucheka. "Kipimo chake hapa hatuna, damu ingebidi iende Ulaya. Lakini dalili zinanitosha. Mlete upesi nimpe dawa ya kuwatuliza hao askari. Akichelewa, jicho la kushoto nalo litakwenda, na huenda lisirudi."

Nikarudi nyumbani nikiwa profesa. Dada alikuwa nje, anamenya ndizi kwa kupapasa.

"Panda baiskeli."

"Sipandi. Nikiondoka leo watasema mwizi amekimbia."

"Utapofuka, mwanamke!"

"Nitapofuka na jina langu."

"Jina lenyewe utalisoma kwa jicho gani?"

"Tangu lini wewe ukajua kusoma?"

Leonidas alibembeleza akachoka. Mchana ule jicho la kushoto likaanza kumuuma kila alipoligeuza. Nikaenda kwa Evaristi, nikamkuta analisha kuku.

"Shemeji, nenda ukaseme hukuwa na jogoo."

"Nitasemaje? Watu wamenichangia."

"Warudishie."

"Wengine nimeshawala."

"Dada yangu anapofuka!"

"Kwani kosa ni langu? Mimi nilimtibu bure."

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba Jumapili nitamshtua yeye mbele ya padri, na kuku wake wote watakuwa mashahidi. Akaweka chini bakuli la mahindi. Akamkamata jogoo mmoja wa kupewa, akapita naye sokoni akipaza sauti: "Nimempata! Alipotea tu, hakuibwa!" Watu wakamfuata wakishangilia hadi kwa Nyirabahizi.

Dada akatega sikio.

"Huyo ni jogoo wa mama Tecla, namjua kwa sauti. Sema ukweli, shemeji."

"Nimesema hukuiba. Hutosheki?"

"Sema."

Evaristi alimtazama jogoo, naye jogoo hakumsaidia.

"Sikuwa na jogoo," akanong'ona. "Nilikuwa natoa kwikwi."

Halafu mama Tecla akakumbuka mali yake, na wenzake wakakumbuka zao, na kundi zima likatimka kuelekea bandani kwa katekista.

"Kaka," dada akasema, "lete baiskeli."

Kambini alitundikiwa dawa mfululizo. Miguu ilirudi, japo kwa kuegemea fimbo. Jicho la kushoto likapona. La kulia halikurudi. Daktari alisema laiti tungewahi.

Aliporejea nyumbani, Evaristi alikuja kumsalimu, akasimama mlangoni akisuguasugua miguu.

"Unaniona, shemeji?"

"Nakuona nusu," dada akajibu. "Na nusu hiyo inanitosha kabisa."