Kiraka Kilichongoja Mkono wa Pili

Kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, shangazi hugonga meza kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hodi." Husema taratibu, kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto. Hutulia kidogo, kisha huvuta kiti akaketi.

Chumbani kweli kuna aliyelala. Ni binti wa kaka yake, aliyekuja kukaa naye baada ya kumaliza chuo, akitafuta kazi. Kitanda chake chembamba kimesukumwa ukutani, chini ya rafu ya vitabu. Asubuhi ya kwanza nusura aitikie "karibu", halafu akatambua kuwa hodi ile haikuwa yake. Tangu hapo hujifanya amelala, akasikiliza.

Kazi ya shangazi ndugu hawaijui vizuri. Baba wa binti, kila akipiga simu, huanza na kicheko: "Dada yangu bado yuko na ile kompyuta yake? Mwambie amlete huyo shemeji tumwone." Na fundi cherehani wa barazani, aliposikia kwamba jirani yake hukagua viraka, alimpandishia ghorofani suruali yenye kiraka. "Nikagulie na hiki, mama." Shangazi aliigeuza nje ndani, akasema uzi umelegea pembeni. Fundi alicheka hadi akashika ukuta, maana ulikuwa umelegea kweli.

Viraka vya shangazi havishonwi. Ndani ya kila kompyuta kuna programu iliyobeba programu nyingine zote, nayo huitwa kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu: programu inayotaka nafasi ya kufanyia kazi huiomba, ikapewa, na ikimaliza huirudisha. Watu waliotapakaa duniani hutuma mabadiliko ya namna ya kugawa, na mabadiliko hayo ndiyo viraka. Shangazi huvisoma mstari kwa mstari kabla havijakubaliwa. Katika sehemu yake, kiraka hakipiti mpaka wakaguzi wawili wameweka majina yao. Wenyewe huita mikono miwili.

Mkono wa kwanza ni wake. Wa pili ni wa mtu wa mbali, ambaye hajawahi kumwona hata kwa picha. Humwita Bwana Koma, kwa sababu aliwahi kumwandikia ukurasa mzima kuhusu alama moja ya koma. Walibishana miaka na miaka juu ya viraka vya wengine, na katikati ya ubishi shangazi alimfundisha neno moja la Kiswahili. Tangu siku hiyo kila ujumbe wa Bwana Koma ulianza na "Hodi", na kila jibu la shangazi likaanza na "Karibu". Ujumbe wake wa mwisho ulisema kwamba kuna kiraka kimoja atakipitia kesho. Mvua zilikuja zikaisha, na kesho hiyo haijafika.

Kiraka chenyewe kilitumwa na mwandishi mgeni, mwanamke kijana, kwa ajili ya kompyuta zinazoganda kumbukumbu ikikaribia kujaa. Cha kwanza kilikuwa na kosa, na shangazi, ambaye kwa kawaida hasemi sana, alimwita binti aje alione.

"Hapa ameshika kufuli, yaani amewafungia wengine mlango, halafu anaomba kumbukumbu kwa ombi la kungoja."

"Sijaelewa, shangazi."

"Maombi yako ya namna mbili. Moja linasema: nipe, na kama hakuna, nitalala hapahapa mpaka ipatikane. La pili linasema: nipe sasa hivi, au niambie hakuna, nijue la kufanya. Sasa aliyeshika kufuli ni mwiko kuomba kwa namna ya kwanza. Akilala, kalala na ufunguo mfukoni. Wenzake wote wamesimama nje ya mlango, na huenda mwenye kumbukumbu ya kumpa ni mmoja wa hao waliofungiwa nje."

"Basi wanangojana tu."

"Mpaka mtu achomoe waya."

Mwandishi alilirekebisha kosa, na vizuri. Shangazi akaweka jina lake. Kilichobaki ni mkono wa pili.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea viraka vya toleo hili. Mchana simu iliita, na mkuu wa kazi alisikika chumba kizima.

"Mama, sheria unaijua kuliko mimi. Mwenzako akinyamaza kupita kiasi, mkono mmoja unatosha, mradi uandike kwamba ulingoja. Mbona umekalia kiraka cha watu?"

"Sijakikalia. Namngoja mwenzangu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama. Kikikosa leo, mashine za watu zitaendelea kuganda mpaka toleo lijalo."

"Nimekusikia."

"Kusikia umesikia. Utafanya?"

Shangazi alikata simu. Binti akaleta chai, akaiweka mbali na kibodi kama alivyofundishwa, akarudi kitandani na kitabu chake. Hakugeuza ukurasa. Aliona mikono ya shangazi imelala mapajani, chai ikipoa, na feni ikilalamika kila ilipogeukia ukutani. Kuandika kwamba alingoja ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini jina moja peke yake lingekuwa limesema jambo ambalo shangazi hajamwambia mtu.

Ujumbe wa mwandishi ukaingia. Shangazi aliusoma kwa sauti, bila kugeuka: "Samahani kwa kuwasumbua tena. Kama kuna kosa nimelifanya, tafadhali niambieni."

"Anadhani kosa ni lake," alisema. "Mtoto wa watu."

Akarudi nyuma kwenye maelezo aliyoandika mwenyewe chini ya kiraka cha kwanza. Kutoka kitandani binti aliweza kuyasoma: *Usilale ukiwa umeshika kufuli.* Shangazi akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na raha ndani yake, kisha akavuta kibodi.

Aliacha jina lake lilivyokuwa. Chini yake, mahali pa jina la pili, akaandika: *Nilimngoja. Hakufika.* Alisoma tena, akafuta nukta, akairudisha, akatuma. Jibu la mkuu lilikuja upesi: kimepita. Baadaye kidogo likaja la mwandishi, lenye shukrani nyingi, ambalo shangazi alilisoma mara moja tu.

Jua lilikuwa bado halijashuka dirishani. Shangazi alikunywa chai yake ya baridi mpaka mwisho. Binti alifunga kitabu. Swali alilolala nalo tangu asubuhi ile ya kwanza, safari hii hakulimeza.

"Shangazi, huyo unayempigia hodi, unadhani yu hai?"

"Sidhani, mwanangu. Angekuwa hai, angeshaniitikia."