Nyaya Mbili, Mzigo Mmoja: Florentine na Umeme wa Kalundu

Saa mbili asubuhi, bandari ya Kalundu. Fundi umeme Florentine Nabintu amepiga goti ndani ya ghala la samaki, anabana kipimo chake kwenye waya wa kwanza, kisha wa pili. Ampea 96, ampea 94. Anatabasamu peke yake, na ana haki.

Miezi miwili iliyopita ghala hili la Papa Kizito lilinuka mpira ulioungua. Mashine za kugandisha mikeke, samaki wa ziwani, hulishwa na nyaya mbili nene, zigawane mzigo sawasawa. Lakini mmoja uliungua mara mbili, na mara zote mbili samaki walioza. Mafundi wawili walikuja, wakaweka fyuzi kubwa zaidi, wakaondoka vifua mbele.

"Minye nilipima, nikakuta moja iko inabeba 131, ingine 59," anasimulia. "Moja iko inakufa na kazi, ingine iko inasinzia."

Kisa chenyewe kinachekesha kikishapita. Nyaya zilipokuwa zinawekwa, Papa Kizito alikuwa ametoka kuweka vigae vipya, akakataa ukuta utobolewe zaidi. Basi waya mmoja ukapita katika tundu la zamani, mita 14. Mwenzake ukazungushwa nyuma ya jengo, mita 31. Umeme mwingi ukafuata njia fupi.

Florentine, mwenye miaka 37, hakuyajua hayo darasani tu. Alikulia Bwegera, akimfungulia baba yake maji ya shamba la mpunga. "Mufereji mufupi unakunywa maji mingi. Mutoto wa Bwegera hafundishwe hiyo."

Kumshawishi mwenye mali hakukuwa lelemama. "Mama, weye unataka kuvunja karo zangu?" Papa Kizito alimuuliza, karo zenyewe ni vile vigae, akataka kwanza mwanaume aje kuhakikisha. Florentine akaapa kwamba akikosea, vigae atalipa yeye, anayepata dola 80 katika mwezi wa neema.

"Niliogopa sana," anakiri. "Lakini ningenyamaza, wangesema umeme haiko kazi ya mwanamuke."

Papa Kizito akakubali. Tundu likapanuliwa, waya mrefu ukakatwa, nyaya zote mbili zikapita pamoja kwa urefu mmoja. Tangu siku hiyo hajaoza hata samaki mmoja.

Sasa Papa Kizito ndiye anayempigia debe. Tajiri anayejenga ghorofa nne Kavimvira alipomuuliza habari za fundi, alimpa namba ya Florentine, wala hakutaja mwanaume wa kuhakikisha.

Florentine anaitaka kazi hiyo kwa moyo wote, ila ana ombi moja. "Waniite minye kwanza, kisha ndiyo waite muntu wa karo."